Pampu ya Amerika na Maji Yaliyouma kwa Kilonzo

Watu wa ofisini wakistaafu hukatiwa keki. Mimi nilifungwa bandeji. Umri wa kustaafu sijafika, watoto wangu bado wako shule, lakini mkono wa kulia umekataa kushika bisibisi, na fundi wa stima asiyeshika bisibisi kazi yake ni kupiga hadithi tu. Basi wacha nipige. Nyinyi vijana mnaofunga pampu huko Wote, Kathonzweni mpaka Malili mmekuwa mkiulizana kilichotokea kwa Kilonzo, na kila mmoja ana yake. Hii ni yangu. Watu nitawataja kwa majina, na atakayekasirika akasirike. Mahali ambapo sielewi nitasema sielewi, na niwaambie mapema, ni mahali pengi.

Shule niliachia darasa la saba. Kazi nilifundishwa Kitui mjini na Mzee Swaleh, fundi wa mota. Babu yake alitoka pwani, na Kiswahili cha nyumba yao kilikuwa kitamu mpaka mimi Mkamba wa porini nikawa naona haya kufungua mdomo. Siku ya kwanza niliingia kwa kibanda chake nikasema, "Habari yako, mzee."

Hakuinua kichwa. "Kwenu hakuna shikamoo?"

"Iko, mzee."

"Basi itoe."

Nikaitoa. Ndipo akanipa patasi na mota iliyoungua, akaniambia nitoe nyaya zote za ndani. Harufu ya mota iliyoungua hamjaisahau, ni kama nywele na plastiki na kitu kingine kilichooza. Nilikaa na harufu hiyo siku nzima, jioni mama akaniuliza kama nimepata kazi ya kuchoma takataka.

Mzee Swaleh hakuwa na vifaa vingi. Koleo yake alikuwa ameifunga mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye mikono. Na alikuwa na taa ya kupimia aliyoitengeneza mwenyewe, balbu mbili zimefuatana kwa waya moja. Nilimwuliza kwa nini mbili. Akanionyesha. Stima ya nyumba ya kawaida inakuja na waya moja ya moto na nyingine ya kurudi, na kati yake kuna volti mia mbili arobaini. Hapo balbu zake mbili ziliwaka kwa unyonge, nyekundu nyekundu. Stima ya mashine kubwa inakuja na waya tatu za moto, ndizo tunaita fezi, na ukipima kati ya fezi moja na nyingine unakuta mia nne na kumi na tano. Hapo balbu ziliwaka kama macho ya fisi. "Ungeweka balbu moja," akasema, "ingekupasukia usoni."

Mambo mengine mawili alinifundisha. La kwanza, kitu usichokijua kiguse kwa mgongo wa mkono, kwa sababu stima hukunja vidole, na kiganja kikikunjwa kitakumbatia kile kile kinachokuua. La pili lilinishangaza. Tukifika kazini, yeye hakwenda kwa bodi, lile sanduku la kugawa stima. Alikwenda jikoni, bafuni, kwa mfereji, anasalimia wanawake.

"Hapa kuna kitu kinawauma?"

Wenzake walimcheka kuwa anatafuta chai. Chai alipata kweli, sitadanganya. Lakini aliniambia, "Anayefua na anayechota ameguswa kabla yako, Muthama. Muulize yeye, ndipo uulize mashine."

Alipofariki balbu zake nilirithi mimi. Nikarudi upande wa Makueni, nikafanya kazi za pampu na mashine za kusaga. Kulikuwa na ile ya Mbooni, mota ya kinu tuliyoipandisha mlima kwa boda boda, mimi nyuma nimeikumbatia kama bibi harusi. Tukafunga, tukawasha, unga ukakataa kutoka. Mwenyewe akasema amerogwa na jirani. Kumbe mota inazunguka kinyume. Nikabadilisha fezi mbili, unga ukatoka, na jirani yake hakuombwa msamaha mpaka leo. Kazi zilikuwa hivyo. Unachanganyikiwa kidogo, unabadilisha kitu, inakubali, unaenda nyumbani.

Kwa Kilonzo haikukubali.

Mzee Kilonzo alikuwa mkubwa wa ofisi fulani Nairobi, akarudi Kathonzweni akajenga. Mtoto wake Kyalo yuko Amerika, na ni Kyalo aliyetaka bwawa la kuogelea, ili Desemba akija na watoto wake wazungushe miguu ndani ya maji. Bwawa la kuogelea Kathonzweni! Kisima cha mashine kilikuwepo, kimevutiwa stima ya fezi tatu. Bwawa likachimbwa, likajazwa maji yetu ya chumvi, na kabla mtu yeyote hajaogelea, kiangazi kikaingia. Watu wakaanza kuja na mitungi. Kilonzo akawakubalia, nampa haki yake hapo. Basi wajukuu wakiwa Amerika, bwawa likawa silanga, lambo la kijiji kizima, na punda wakawa wananywa ukingoni.

Aliyepewa kazi ya stima ni Mutinda. Mutinda ana leseni, na alikuwa akiitoa mfukoni hata pale mtu hajamwuliza. Mimi aliniita kama mkono wake, kuchimba mitaro na kupitisha nyaya.

Pampu ya bwawa ililetwa na Kyalo kutoka huko huko. Kwenye kibati chake iliandikwa volti mia moja na kumi na tano, kistari cha mkwaju, mia mbili thelathini. Hapo ndipo kichwa changu kilianza kuuma. Pampu moja, volti mbili? Mutinda akafungua kifuniko cha nyuma akanionyesha kidude cha kuhamisha. Kikikaa huku, inataka ndogo. Kikikaa kule, inataka kubwa. Hiyo nikaelewa. Akakiweka kwa kubwa.

Halafu akafungua kile kitabu cha pampu. Mchoro ulionyesha kwamba kwa volti kubwa unaunga waya mbili za moto na ile ya ardhini, basi. Waya ya kurudi haiko. Nilitazama ule mchoro nikautazama tena.

"Mutinda, na ya kurudi?"

"Kitabu kinasema mbili za moto."

"Kitabu kinajua Kathonzweni?"

"Muthama, wewe soma mtaro, mimi nisome kitabu."

Kilonzo akampigia mtoto wake simu, akaiweka sauti tusikie wote. Kyalo akasema, "Ndiyo, baba, huku nyumba zote ni hivyo. Moto na moto. Hata kwangu ni hivyo."

Na hakudanganya! Baadaye sana fundi mwingine alinieleza kwamba nyumba za huko zina waya mbili za moto ambazo ni nusu nusu, zikikutana ndiyo zinafika hiyo mia mbili na kitu. Yetu moja peke yake inafika. Sasa mnaona. Kitabu kilikuwa kweli, Kyalo kweli, kibati kweli, na wote wakatupeleka shimoni. Hiyo ndiyo haiishi kunisumbua. Mtu akidanganya unajua pa kushika.

Mutinda akavuta waya mbili nyekundu kutoka kwa fezi mbili, swichi akaiweka kwa moja tu kati ya hizo, karibu na pampu. Nilitoa balbu za Mzee Swaleh nikapima. Macho ya fisi.

"Taa zinawaka sana," nikamwambia.

"Si ndiyo stima iko?"

Na mimi, kusema ukweli, sikujua niseme nini zaidi. Labda pampu ya Amerika ina nguvu ya kula hivyo. Ndege yao imevuka bahari, nani mimi?

Akawasha. Ikaguna, ikapiga kelele ya juu, ikatoa moshi. Harufu ikanirudisha Kitui siku ya kwanza.

Sasa lililofuata mlisikilize vizuri. Pampu nyingine ikanunuliwa Nairobi, ya kawaida, mia mbili arobaini na hakuna kidude. Mutinda hakutaka kufukua mitaro. Zile waya mbili nyekundu zilikuwa tayari ardhini, zote rangi moja. Akaenda kwa bodi, akang'oa moja kutoka kwa fezi, akaihamishia kwa ya kurudi. Ikazunguka vizuri. Maji yakawa yanapita kwa chujio, Kilonzo akapiga makofi. Volti zilikuwa sawa. Hata balbu zangu zilisema sawa, ziliwaka kwa unyonge wake.

Shida ilikuwa ile breka yenye kitufe, ya kukata stima ikianza kuvuja kwa mtu. Ikawa inaanguka, inakata stima. Unainua, inaanguka. Kilonzo akalalamika kwamba kila ikianguka maji yanaota kijani.

"Hii ni ya bei rahisi," Mutinda akasema, "inaogopa hata unyevu." Akaiondoa, akaweka ya kawaida. Mimi sikuwepo siku hiyo. Niliambiwa na mke wa Kilonzo, aliyefurahi kwamba sasa hakuna usumbufu. Na chuma cha ardhini, kile cha kupeleka stima iliyovuja chini, Mutinda alikigonga kwa mwamba kikaingia kipande tu, akakikata kilichobaki. Chuma kilichokatwa nimekiona kwa macho yangu, Kilonzo alikuwa akifungia mlango wa banda la kuku nacho.

Kiangazi kikaendelea. Kanisa la karibu likaomba bwawa kwa ubatizo. Wao huzamisha mtu mzima mzima, na mto ulikuwa umebaki mchanga. Kilonzo akakubali, akataka siku hiyo maji yang'ae. Jumamosi akatuita, mimi na Mutinda, tuangalie pampu kwa sababu ilikuwa inadondosha maji. Ubatizo ulikuwa kesho yake.

Nilipofika sikwenda kwa bodi. Nilikwenda kwa waliokuwa wakichota. Kulikuwa na Mwelu, mama mmoja mwenye maneno mengi na punda mwenye kiburi. Jina lake pia lilikuwa kati ya wa kubatizwa.

"Mama, mwaitu, haya maji yanawauma?"

Akacheka. "Fundi, umerogwa? Nani alikuambia? Yanauma! Mimi nilijikata kidole na jembe, nikitia mkono yananichoma kama siafu. Na huyu punda tangu juzi hataki kunywa. Anafika hapo, ananusa, ananitazama kama mimi ndiye nimeyatia pilipili."

"Na wengine?"

"Wengine wanasema ni mimi dhambi zinatoka kabla ya siku yake."

Wenzake wakacheka. Mutinda alikuwa nyuma yangu. "Hiyo ni dawa ya kusafishia bwawa," akasema. "Dawa huchoma kidonda."

"Dawa gani?" Mwelu akamgeukia. "Si ilikatazwa tangu tuanze kuchota?"

"Inabaki kwa kuta."

"Asa! Dawa ya kukaa kwa ukuta miezi ikingoja kidole changu?"

Nikavua kiatu, nikakanyaga udongo uliolowa, nikagusa maji kwa mgongo wa mkono. Yakaniuma. Si sana. Kama mtu amekufinya na kucha halafu akajifanya hajui. Nikatoa mkono, nikawaambia wanawake wasimame mbali, wasiguse tena. Nikamwambia Mutinda azime pampu.

Akaenda kwa ile swichi. Pampu ikanyamaza. "Nimezima!" Akarudi akipangusa mikono. Nikarudi kwa maji, nikagusa tena kwa mgongo wa mkono. Bado yananifinya.

Hebu fikirieni. Pampu imenyamaza. Swichi imezimwa, niliiona kwa macho. Maji bado yanauma. Mutinda akasema, "Unaona? Ni dawa." Kilonzo naye ametoka, amesimama na kikombe cha chai, anasema, "Muthama, mchungaji anakuja kuangalia mahali. Mnataka nimwambie nini? Kwamba maji yana meno?"

Nilisimama pale nikiwa sijui. Nilifikiria labda stima inatoka kwa kisima. Nilifikiria labda kwa jirani. Nilifikiria labda kweli ni dawa na mimi nimezeeka ghafla. Lakini nilimwona Mwelu na wale wengine, na nikawaona kesho wakiwa wamevaa nguo nyeupe, miguu mitupu, wameshikana mikono, wanashuka ngazi. Wote pamoja. Nikasema, "Mzee Kilonzo, mwambie mchungaji hakuna mtu kuingia mpaka nifungue hii mota."

"Ukifungua utaona nini?" Mutinda akauliza.

"Sijui. Ndiyo nafungua."

Pampu ilikaa kwa shimo lililojengwa na matofali, jembamba, chini kukiwa na maji yaliyodondoka. Nikaweka kipande cha ubao nikashuka. Nikagusa mota kwa mgongo wa mkono. Hakuna kitu. Nikagusa mara ya pili. Hakuna. Balbu sikuzitoa, wala kwa bodi sikwenda kukata, na kosa hilo ni langu. Nikatoa skrubu za kifuniko, nikaingiza bisibisi kulegeza waya, na katika kujigeuza mguu ukateleza kutoka kwa ubao, mkono wa kushoto ukashika bomba la chuma ukutani, limelowa.

Sitawaeleza sana. Aliyeshikwa anajua na asiyeshikwa hataelewa. Nilisikia nikipiga kelele, lakini kelele haikutoka. Nilimwona Mutinda juu yangu akitazama ile swichi, anaitazama tu, na midomo yake inasema nimezima, nimezima.

Aliyeniokoa ni Mwelu. Aliinua mtungi wake wa plastiki, ule wa njano wa mafuta, mtupu, akanipiga nao mkono kwa nguvu za mtu aliyechapa punda maisha yake yote. Bisibisi ikaruka. Nikaanguka kwa matofali. Jambo la kwanza nililosikia masikio yakirudi ni yeye akisema, "Na mtungi wangu umepasuka."

Hospitali walinifunga mkono, wakaniambia nina bahati. Vidole viwili havikunji tena na mkono unatetemeka kama wa mlevi wa asubuhi. Pale kitandani ndipo nilianza kuunganisha. Swichi ilikuwa imekaa kwa waya moja tu kati ya zile mbili nyekundu. Zikiwa zote za moto, hata hapo haikufaa, ilikata moja ikaacha nyingine. Mutinda alipobadilisha kwa bodi, rangi ni moja, akabahatisha, akahamisha ile yenye swichi ikawa ndiyo ya kurudi. Kwa hivyo ukizima, pampu inanyamaza kwa sababu njia ya kurudi imekatika. Lakini ule moto bado unaingia kwa mota, umekaa hapo umekunja mikono, unangoja mtu. Na maji yaliyovuja ndani ya mota yakaupeleka bwawani, na breka ya kuukata ilishatupwa, na chuma cha ardhini kilikuwa kinafunga kuku.

Hivyo ndivyo naelewa. Lakini bado kuna mambo yananipotea. Kwa nini mgongo wa mkono haukuhisi kitu kwa mota? Fundi mmoja ananiambia ni rangi ya mota na ubao mkavu. Mwingine ananiambia sikugusa vizuri. Mzee Swaleh hayuko nimwulize. Na kwa nini Mwelu aliumwa kidole siku nyingi na asife? Na tukasumbuka juu ya volti miezi, mia moja na kumi na tano, mia mbili thelathini, mia nne na kumi na tano, kitabu, kibati, simu ya Amerika, na siku nilipoumia volti zilikuwa sahihi kabisa. Hapo huwa nazunguka mpaka kichwa kinachoka.

Mutinda alikuja kuniona na soda. Akakaa. Nikamwuliza, "Ulihamisha waya gani?"

Akasema, "Muthama, mimi nilizima. Uliniona."

"Nilikuona."

"Basi." Akaacha soda hapo, akaenda. Kwa watu alisema fundi bila masomo aliingiza bisibisi kwa mota. Leseni yake iko, na bado anaitoa mfukoni. Kyalo alituma salamu za pole kwa simu ya baba yake, na swali kama pampu ile ya kwanza ingeweza kutengenezwa. Kilonzo alisema kwa kanisa kwamba mimi ndiye niliharibu ubatizo. Na hiyo moja ni kweli. Niliuharibu. Jumapili hakuna mtu aliyeshuka kwa zile ngazi.

Mwelu ndiye aliniletea habari, amesimama mlangoni mwa wodi na uji kwa chupa.

"Walitubatiza na jagi," akasema. "Jagi, fundi! Mchungaji anamwaga, maji yanaingia kwa sikio. Wazee wa kanisa bado wanabishana kama tumeokoka wote au ni kichwa peke yake."

"Pole, mwaitu."

"Pole ya nini? Nusu yangu iko mbinguni. Wewe leta mtungi."

Siku hizi pampu ya Kilonzo wanasema imezimwa tu. Wajukuu hawajaja. Mutinda anasema amebadilisha kila kitu, ameweka breka mpya, amegonga chuma kingine, na labda ni kweli, sijui, mkono wangu hauwezi tena kufungua nikaangalie. Ninyi mnaonirithi, mkiambiwa imezimwa, chukueni taa mpime wenyewe kila waya, hata kama aliyezima ni baba yako. Balbu za Mzee Swaleh ziko kwangu juu ya kabati. Mwenye kuzitaka aje, lakini kwanza atoe shikamoo.

Mimi mwenyewe kiangazi hiki nimepewa kazi ya kuchota maji ya nyumba. Nimenunua punda, mtoto wa yule wa Mwelu, na mtungi mpya nilimpelekea. Tunafika kwa silanga ya Kilonzo, mke wake ananiita kutoka barazani, "Chota tu, Muthama, Mutinda amesema sasa ni salama!" Namshukuru. Nakaa kwa jiwe. Punda anasogea ukingoni, ananusa, ananitazama. Simharakishi. Akishanywa, ndipo nainuka na mtungi.